Msiisingizie Chumvi

Ujumbe huja kwa sura ileile. Mtu kasikia habari za ribollita, ile supu nzito ya Toscana ya maharage meupe, majani na mkate uliokauka, ikamvutia kwa kuwa karibu kila kilichomo anakifahamu. Kakaanga vitunguu, katia karoti, nyanya, chumvi na maharage, kafunika sufuria. Masaa matatu baadaye karoti zimekuwa uji na maharage bado yanagonga meno. Hapo ndipo swali linapokuja: "Mtaalamu, kosa langu ni kutia chumvi mapema, sivyo?"

Sivyo. Na hilo si swali, ni hukumu inayotafuta muhuri. Nimeletewa hukumu hiyo na wapishi wa hoteli, na wanafunzi wa sayansi ya chakula ambao hawana kisingizio, na akina mama waliokuwa wakichemsha maharage kabla mimi sijazaliwa. Hao wa mwisho nawajibu kwa adabu zaidi, lakini jibu ni lilelile. Chumvi haigumishi maharage. Ukiitumia panapostahili, huyalainisha.

Nitaeleza mara moja, kwa kirefu, ili nisiulizwe tena mwezi ujao. Seli za harage zimegandamana kwa pektini, ileile inayogandisha jemu. Minyororo ya pektini hufungwa pamoja na madini mawili, kalsiamu na magnesiamu, ambayo kila chembe yake ina chaji mbili: moja hushika mnyororo wa huku, ya pili hushika wa kule. Kuivisha harage maana yake ni kulegeza vifungo hivyo hadi seli ziachane na wanga ulio ndani uvimbe. Chumvi ikiyeyuka inatoa sodiamu. Sodiamu huingia kwenye ganda la harage na kuchukua nafasi ya yale madini mawili, ila yenyewe ina chaji moja tu, kwa hiyo ikishika mnyororo mmoja haina mkono wa kushika mwingine. Kifungo kinalegea, pektini inayeyuka kwa wepesi zaidi, ganda linakuwa laini bila kupasuka.

Usiniamini mimi, jaribu. Chukua maharage ya gunia moja, yagawe mafungu matatu. La kwanza loweka usiku kucha kwenye maji matupu. La pili loweka kwenye maji yenye vijiko viwili vya chai vya chumvi laini kwa kila lita, kisha suuza. La tatu loweka kama la kwanza, lakini wakati wa kuchemsha katakata nyanya mbili zilizoiva uzitie humo tangu mwanzo. Chemsha sufuria zote tatu kwa moto uleule, na kila baada ya robo saa toa harage moja moja, ulikate kwa kisu. Angalia katikati. Harage ambalo halijaiva lina kiini cheupe kama chaki, chenye chengachenga, na kisu kikipita husikika. Kiini hicho hakitachelewa kuondoka kwenye fungu la chumvi, na ganda lake utalikuta laini kuliko la fungu la maji matupu. Fungu la nyanya litakukalisha jikoni mpaka uchoke.

Basi kwa nini watu wengi, Waitaliano wenyewe wakiwemo, wanaapa kwamba chumvi ni adui? Kuna chembe ya ukweli, nami sitaificha. Chumvi ikiwa nyingi kwenye maji ya kuchemshia, harage kavu ambalo halikulowekwa hunywa maji polepole zaidi mwanzoni, na wanga wake huvimba kidogo chini ya kawaida, kwa hiyo huwa na unga unga badala ya ulaini wa krimu. Hiyo ndiyo chembe yote. Haitoshi kumweka mtu jikoni masaa matatu. Lakini chumvi ina bahati mbaya: ndiyo kitu pekee ambacho mpishi anakumbuka kukitia kwa mkono wake, kwa hiyo ni kama mgeni aliyekuwemo nyumbani siku pochi ilipopotea. Wezi wenyewe hakuna anayewatazama.

Mwizi wa kwanza ni nyanya. Asidi huimarisha kuta za seli na kuizuia pektini isiyeyuke, ndiyo maana harage lililotiwa nyanya likiwa bado bichi hubaki hapo lilipofika hata ukikesha nalo. Nyanya za kopo zilizokatwa vipande ni mbaya maradufu: viwanda vingi hutia kloridi ya kalsiamu ili vipande visisambaratike. Soma lebo. Umetia asidi na kalsiamu kwa kijiko kimoja, halafu unalaumu chumvi.

Wa pili ni uzee. Maharage yaliyokaa miezi mingi kwenye ghala la joto na unyevu, na pwani yetu haina upungufu wa hayo mawili, hupata ugonjwa ambao hauonekani kirahisi kwa macho. Ndani ya mbegu kuna fitati iliyobeba kalsiamu na magnesiamu. Joto na unyevu huichochea ivunjike, madini yanaachiwa huru, nayo yanakwenda moja kwa moja kukaza pektini. Harage hilo limefungwa kabla halijafika sokoni. Muuzaji atakuambia ni la mavuno mapya. Ukiona rangi imefifia au imekuwa nyeusi nyeusi, na maganda yamekunjamana, ulizia la mwenzake.

Wa tatu ni maji magumu. Kama birika lako lina utando mweupe ndani, hayo ndiyo maji unayochemshia, yamejaa kalsiamu. Na hapa ndipo imani ya kuikimbia chumvi inapokuwa hasara tupu, kwa sababu mwenye maji ya namna hiyo ndiye anayeihitaji chumvi ya kulowekea kuliko wote.

Watoscana, ambao majirani zao huwatania kwa jina la wala maharage, walilimaliza jambo hili bila maabara. Maharage ya fiasco yalipikwa ndani ya chupa ya mvinyo ya Chianti iliyolazwa kwenye makaa yanayofifia, pamoja na maji, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na majani ya salvia, kile kiungo cha majani ya kijivu chenye harufu kali. Nyanya haimo. Pellegrino Artusi, katika kitabu chake cha mapishi kilichotoka Firenze mwaka 1891, anaelekeza maharage yachemshwe kwanza, yachujwe, yakaangwe kwenye mafuta yenye salvia yakiwa na chumvi na pilipili manga, na baada ya hapo tu ndipo mchuzi kidogo wa nyanya unapomiminwa. Mpangilio huo ndio mapishi yenyewe. Anayetupa kila kitu kwa pamoja kwenye sufuria hajapunguza kazi, ameihamishia kwenye gesi.

Najua linalofuata: "Si nitie magadi tu?" Magadi yanafanya kazi, sibishi. Iwe ni yale mabonge ya Ziwa Magadi, iwe ni baking soda ya dukani, yana sodiamu na pia ni kinyume cha asidi, kwa hiyo hulegeza kuta za seli kwa kasi. Kasi yenyewe ndiyo tatizo. Maganda hutoka, rangi hukolea na kuchafuka, ladha ya sabuni hubaki kooni, na vitamini B1, ambayo maharage yanayo ya kutosha, huharibika. Kwenye makande yenye nazi na viungo unaweza usiitambue ladha ile. Kwenye ribollita, ambayo nusu ya maharage hupondwa yawe ndiyo mchuzi, hakuna pa kuificha. Kama maharage ni ya zamani na huna mengine, tia robo kijiko cha chai kwa lita kwenye maji ya kulowekea pamoja na chumvi, mwaga maji hayo, suuza vizuri. Kwenye sufuria magadi usiyatie tena.

Na kuna onyo moja ambalo natamani lingezungumzwa nusu tu ya chumvi inavyozungumzwa. Maharage mabichi yana lektini inayotapisha na kuharisha. Mekundu ndiyo yanayoongoza, meupe yana kiasi kidogo zaidi lakini yanayo. Maharage mekundu manne au matano yasiyoiva yanatosha kumlaza mtu. Moto wa kuchemka kwa nguvu huimaliza sumu hiyo, ilhali moto wa uvuguvugu, chini ya nyuzi 80, unaweza kuizidisha. Kwa hiyo mwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole, na mwenye kikapu cha kuhifadhia joto, achemshe kwanza maharage yaliyolowekwa kwa dakika 10 kamili za kububujika, kisha ndipo ayahamishie huko. Sufuria ya presha haina shida hiyo.

Haya, mapishi. Gramu 400 za maharage meupe makavu kwa watu sita. Mekundu yenye madoa, yale Wakenya wanayoyaita rosecoco, yanakubalika pia, maana Waitaliano wa kaskazini wana borlotti yao yenye madoa na wanaipenda. Loweka usiku kwenye maji ya chumvi ya kipimo nilichotaja, asubuhi suuza, tia maji mapya yapite juu kwa vidole vitatu, punje mbili za kitunguu saumu, majani machache ya salvia, au zaatari ukikosa. Yabubujike dakika 10, punguza moto mpaka maji yatikisike tu. Chota machache kwenye kijiko uyapulize: ganda likijikunja na kufunuka, umekaribia. Onja matano, si moja. Yote matano yakiwa laini, yameiva. Hata moja likiwa na chaki, endelea. Maji yake ni mali, usiyamwage.

Wakati huo sufuria nyingine: mafuta ya zeituni bila uchoyo, kitunguu kikubwa, karoti mbili, mabua mawili ya seleri, vyote vimekatwa vidogo, moto mdogo, dakika 20. Wengi huharakisha hapa na kupata kitunguu kilichoungua pembeni na kibichi katikati. Kikiwa laini na kitamu, sasa tia nyanya, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo nzito au nyanya mbili zilizomenywa. Nyanya ni ya kuonjesha tu humu. Kiazi kimoja, robo ya kabichi. Majani yanayotakiwa Toscana ni kabichi yao nyeusi isiyofunga, na sukuma wiki ni ya spishi hiyohiyo, basi toa mti wa katikati ukatekate. Ongeza fungu la ile tunayoiita spinachi sokoni. Kwa kweli nyingi ya hiyo si spinachi, ni ile Waitaliano wanayoiita bietola, nao huitia humuhumu, kwa hiyo usihangaike kutafuta ya supamaketi.

Ponda nusu ya maharage, yamimine na maji yake, mengine yaache mazima yaingie mwishoni. Moto mdogo, saa moja. Sasa chumvi ya mwisho, kwa kuonja.

Mkate: boflo la juzi, kavu. Mkate wa slesi wenye sukari utaharibu kila kitu, na mkate wa Toscana kwa desturi hautiwi hata chumvi, sembuse sukari. Panga vipande, mwagia supu, panga tena. Funika, acha mpaka kesho. Kwenye joto letu, ikishapoa weka kwenye friji, isilale juu ya meza. Kesho uichemshe tena polepole hadi kijiko kisimame, na juu umwagie mafuta ya zeituni mabichi. Ukiila siku ileile ya kwanza, umekula supu ya mboga na mkate. Nayo si mbaya.

Kunde? Ruhusa. Kabla maharage haya hayajavuka bahari kutoka Amerika, kunde ya asili ya Afrika ndiyo iliyokuwa kwenye bakuli la mkulima wa Italia, na Toscana mpaka leo wanaila ile yenye jicho jeusi. Huiva upesi, kwa hiyo punguza muda. Mbaazi sijawahi kuona ikifanya vizuri hapa, ila anayebisha abishe akiwa na sufuria mkononi.

Na maharage ya kopo, kwa kuwa lazima mtauliza: yanafaa, makopo matatu, ruka kuloweka na kuchemsha, anzia kwenye kitunguu. Ila geuza kopo usome nyuma kabla ya kulipa. Likiwa na kloridi ya kalsiamu hayatapondeka sawasawa, chagua jingine.