Deilili za Mbegu na Tuta la Kuzipokea

Ukichuma mbegu za Stella de Oro, ile deilili fupi ya manjano iliyojaa kando ya barabara na maegesho ya magari huko Marekani, ukaziotesha zote, hutapata Stella de Oro hata moja. Utapata watoto wake: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine rangi imefifia, mwingine petali zimekunjamana. Aina hiyo ilisajiliwa na Walter Jablonski mwaka 1975, na tangu hapo huendelezwa kwa kugawa mashina yake. Mche wa mbegu ni mmea mpya ambao haujapata kuonekana popote, na ndiyo maana kuna watu wanaousubiri hadi miaka mitatu utoe ua linalodumu siku moja.

Asili ya deilili ni Uchina, Korea na Japani, na Wachina hukausha vitumba vya maua yake wakavitia kwenye supu. Ile ya rangi ya machungwa, Hemerocallis fulva, ilihamia Ulaya, kisha Amerika Kaskazini, ikaenea hadi kwenye mitaro bila kuzaa mbegu. Fumbo hilo lilimshughulisha Arlow Burdette Stout, mtaalamu wa mimea aliyeanza kazi New York Botanical Garden mwaka 1911. Ikaja kufahamika kwamba mmea huo una seti tatu za kromosomu, kwa hiyo husambaa kwa vipande vya mizizi. Stout aligeukia mimea mingine iliyoletwa kutoka Uchina, akazalisha kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1934 ikatoka Theron, inayohesabiwa kuwa deilili nyekundu ya kwanza ya kuzalishwa. Leo aina zilizosajiliwa zimepita 100,000.

Historia hiyo ina manufaa bustanini. Deilili nyingi za leo ama zina seti mbili za kromosomu, yaani 22, ama seti nne, yaani 44, na makundi hayo mawili kwa kawaida hayazaani. Uliza kabla ya kununua mmea mzazi, la sivyo utachavusha msimu mzima na vifuko vya mbegu vidondoke vikiwa vichanga.

Kuchavusha kwenyewe ni kazi ya asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Unachuma stameni moja ya baba, unapaka chavua yake kwenye ncha ya stigma ya mama, unafunga kikaratasi chenye majina ya wazazi wote wawili. Ua likinyauka na kuacha kifuko kidogo cha kijani kinachoendelea kunenepa, limeshika. Kwa muda wa siku 45 hadi 60 kifuko hukauka na kuanza kupasuka juu. Ndani mna mbegu nyeusi zinazong'aa, ngumu, kubwa kidogo kuliko pilipili manga. Zianike kivulini siku moja au mbili.

Baada ya hapo mbegu za aina zinazolala wakati wa baridi zinahitaji kudanganywa kwamba majira hayo yamepita. Zitie kwenye mfuko pamoja na karatasi laini yenye unyevu kidogo, uziweke kwenye friji, si kwenye sehemu ya barafu, wiki tatu hadi sita. Kisha zisie kina cha sentimeta moja kwenye trei zenye udongo mwepesi wa kuoteshea, mahali penye joto la wastani. Nyingi huota ndani ya wiki tatu. Maji yakizidi na hewa ikikosekana, ugonjwa wa kinyausi huingia na miche hulala chini kwa usiku mmoja, kwa hiyo mwagilia trei kwa chini na uache uso wa udongo ukauke kidogo. Msomaji wa nyanda za juu, Limuru au Lushoto, afanye hivyo hivyo, ila achague wazazi wenye majani ya kijani mwaka mzima. Zile zinazotaka baridi kali mara nyingi hudhoofika pasipo barafu.

Sasa tuta, ambalo wengi huliandaa wiki ile ile miche inapodai kutoka kwenye trei. Mimi nataka liandaliwe miezi kadhaa kabla, kwa sababu ya kazi litakayofanya. Miche hii itakaa humo miaka miwili au mitatu ikilinganishwa mmoja na mwingine. Upande mmoja ukituamisha maji na mwingine ukawa mkavu, utang'oa mche bora uliokaa pabaya na kutunza dhaifu uliokaa pazuri. Ukitaka kujua ubora wa mbegu, lazima udongo uwe sawa kila mahali, na jua lifike pote kwa saa sita hivi kwa siku.

Anza na maji. Chimba shimo la sentimeta 30, lijaze, liache linywe, lijaze tena. Kesho yake ukikuta maji bado yamesimama, inua tuta kwa sentimeta 15 au 20. Udongo wa mfinyanzi usiutie mchanga ukadhani utalainika. Mara nyingi unagandamana zaidi. Tia mboji iliyoiva, unene wa sentimeta 5 hadi 8, uichanganye kwa jembe uma hadi kina cha sentimeta 30. Samadi iwe ya zamani. Pima uchachu wa udongo. Deilili hufurahia pH kati ya 6 na 7.

Kisha magugu, na hapa sina huruma. Mche wa deilili wa miezi miwili ni jani jembamba kama la nyasi, na mtu mwenye macho mazuri kabisa anaweza kuupalilia pamoja na sangari. Sangari yenyewe usiipitishie mashine ya kulimia, maana kila kipande cha mzizi kinachokatwa huchipua; itoe kwa uma, mzizi mzima. Ukishasawazisha tuta, limwagilie kana kwamba umepanda, uache magugu yaote, uyaparue juu juu bila kupindua udongo, kisha urudie. Mbegu za magugu zilizo karibu na uso hupungua sana namna hiyo.

Miche ikifika sentimeta 10 au zaidi, izoeshe jua kidogo kidogo kwa wiki moja, uihamishie kwenye mistari, nafasi ya sentimeta 15 hadi 20. Shingo, pale majani yanapokutana na mizizi, isizame zaidi ya sentimeta mbili na nusu. Matandazo yasiiguse. Kwa kuwa umeanza na mbegu, hukuleta majani ya mtu mwingine, na hiyo ni kinga dhidi ya kutu, ugonjwa wa kuvu uliogunduliwa Marekani mwaka 2000. Hata hivyo pitisha karatasi nyeupe chini ya jani mara kwa mara. Ikitoka na unga wa rangi ya machungwa, kata majani yote yenye dalili na uyatoe bustanini. Pasipo baridi ya kuua majani, kuvu huyo haondoki mwenyewe.

Ua la kwanza lisikuharakishe. Tazama bua lina matawi mangapi na vitumba vingapi, na kama ua linafunguka vizuri baada ya usiku wa baridi. Mche unaokupendeza ufunge utepe, uuangalie msimu wa pili kabla ya kuuhamishia mahali pake pa kudumu kwa nafasi ya sentimeta 45 hadi 60. Iliyobaki ing'oe yote, urudishie tuta mboji, uliache lipumzike hadi mbegu nyingine zitoke kwenye friji.