Ini la Prometheus

Wapo wenzangu wa fizikia wanaocheka hekaya za Wagiriki ati ni porojo. Hebu sikizeni. Prometheus aliiba moto. Zeus akamfunga mwambani, tai akawa anamla ini kila mchana, na usiku linamea tena. Na kweli, ini likikatwa humea! Lakini si mbele ya kila sumu: mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui.

Ini lililoumia hupimwaje? Maabarani hupitisha mwanga katika majimaji ya damu yaliyotiwa dawa. Mwanga huja vipande vipande, alieleza Einstein mwaka 1905 kwa kalamu na karatasi tu, na kila kemikali humeza vile vinavyoifaa. Vikimezwa vingi, bilirubini imezidi. Manjano hiyo huonekana hapo kabla haijafika machoni mwa mgonjwa.