Husuni Kubwa ya Kilwa

Neno letu la leo ni HUSUNI. Maana yake ni ngome, yaani jengo imara la kuzuia adui. Lakini Husuni Kubwa, ingawa ina jina hilo, ilikuwa hasa jumba la mfalme na mahali pa biashara.

Jumba hilo liko Kilwa Kisiwani, pwani ya kusini ya Tanzania, juu ya genge linalotazama bahari. Lilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, yaani baada ya mwaka 1300. Siku zile dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa, na mji ukatajirika. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika huko, akausifu mji kwa uzuri wake.

Je, walijengaje? Walichimba mawe ya matumbawe. Mengine waliyachoma juu ya kuni yakawa chokaa. Chokaa wakaichanganya na mchanga na maji, ikashikanisha mawe. Dari nyingi zilibebwa na boriti za miti. Boriti ikiwa ndefu mno hupinda. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Mahali pengine mafundi walijenga kuba za mawe, zisizohitaji boriti.

Vyumba vilizidi 100. Kulikuwa na ua mpana uliozungukwa na vyumba vya kuwekea bidhaa, na birika la kuogea lenye pande 8. Lakini jumba halikumalizika, nalo likaachwa.

Tumejuaje jina la mjenzi? Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta hapo jiwe lililochongwa kwa herufi za Kiarabu, lenye jina la Sultani. Fikirini: kama mtu angalilichukua jiwe hilo akajengea jiko, leo tungeuliza tu, "Nani alijenga hapa?"

Mvua, mizizi na mawimbi vimebomoa kuta nyingi. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitajwa kuwa hatarini. Baada ya matengenezo, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Basi ndugu, mkifika kwenye gofu lolote, msiondoe jiwe. Ninyi sasa mnajua kusoma. Mnajua hasara ya kitabu kilichochanwa kurasa.

Andikeni daftarini: Kwa nini vyumba vilikuwa vyembamba? Kwaherini.