Fahamu Maneno ya Sayansi (2): Simulesheni, kutoka unafiki hadi maabara

Wiki iliyopita tulilichambua neno "modeli". Leo tulitazame pacha wake, simulesheni. Neno hili halina undugu na simulizi, japo sauti zinakaribiana. Asili yake ni Kilatini: similis, yaani chenye kufanana, ndicho kilichozaa kitenzi simulare, kuiga au kujifanya.

Maana ya kujifanya ndiyo iliyotangulia kuenea. Neno lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 14, lilimaanisha unafiki. Mwaka 1625 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon alichapisha insha iliyopambanua tabia mbili: kuficha ulivyo, na kujionyesha usivyo. Hiyo ya pili ndiyo aliyoiita simulesheni, na ndiyo aliyoilaumu zaidi.

Maana mpya, ya kuiga hali halisi ili kujifunza, ilikomaa katika karne ya 20, na chanzo kimojawapo ni kiwanda cha vinanda. Edwin Link wa Binghamton, New York, alikulia katika biashara ya baba yake ya kutengeneza vinanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto inayosukuma hewa ndani ya vinanda, akaitumia kuinamisha na kuinua chumba kidogo kilichoundwa mfano wa ndege. Mwanafunzi alifungiwa humo, akajifunza kuruka kwa kutazama vipimo tu, kama rubani aliyezingirwa na mawingu. Akikosea, alirudia. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilikabidhiwa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Marubani kadhaa wakafa katika hali mbaya ya hewa. Baada ya misiba hiyo jeshi lilinunua mashine sita za Link.

Miaka ya 1940 wanahisabati Stanislaw Ulam na John von Neumann waliihamishia kazi ya kuiga kwenye kompyuta, wakifuatilia kwa namba mwenendo wa nyutroni.

Je, Bacon na Link walizungumzia kitu kimoja? Wote wawili, ndiyo, walizungumzia kuiga. Lakini mnafiki huficha kwamba anaiga, ilhali mwanasayansi hutangaza, hutaja alichokiacha nje, kisha hupima matokeo yake dhidi ya hali halisi. Kwa hiyo ukionyeshwa makadirio ya mafuriko au ya maambukizi, uliza: nini kimeachwa, na yamelinganishwa na nini? Anayekataa kujibu amelirudisha neno kwenye maana yake ya kale.

Wiki ijayo: jinsi mchezo wa karata ulivyompa Ulam njia ya Monte Carlo.