Dawa za Kusafishia: Chombo, Kipimo na Jicho la Mlezi

Leo tunazungumza juu ya dawa za kusafishia: jik, dawa ya choo, kostiki soda, na zile sabuni kali zinazotoka viwandani. Dawa hizi zinatusaidia kuzuia magonjwa kama kipindupindu. Lakini zikikosa kipimo na zikikosa chombo chake, zinaumiza watoto wetu na sisi wenyewe.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Mama anakwenda dukani na chupa tupu ya soda, anapimiwa jik ya pesa kidogo. Anarudi nyumbani na kuiweka chini ya meza, karibu na mtungi wa maji. Nyumba ni chumba kimoja. Mtoto wa miaka miwili ana kiu, na chupa ile anaijua: jana ilikuwa na soda. Mtoto hajui kusoma. Anachojua ni chupa. Je, kosa ni la mtoto? La hasha. Kosa ni la chupa.

MASHINE INAYOPIMA KEMIKALI

Kila asubuhi wengi wetu kutoka Kibera hutembea hadi Industrial Area kutafuta riziki. Walio Kawangware huelekea Lavington na Kileleshwa. Baadhi yetu hufua na kusafisha kwa mkono. Wengine hufanya kazi katika hoteli, hospitali, viwanda vya maziwa au dobi za mashine. Kama umefanya kazi mahali pa namna hiyo, huenda umeona mitungi ya kemikali iliyopangwa ukutani, mipira myembamba ikitoka ndani yake na kuingia katika mashine kubwa ya kufulia.

Mipira ile imeunganishwa na pampu ndogo. Ndani ya pampu kuna magurudumu yanayoukamua mpira, kama mtu anavyokamua chuchu ya ng'ombe, na kila mzunguko unasukuma kiasi kile kile cha kemikali. Kijisanduku cha umeme kinaiambia pampu ianze lini na isimame lini. Mashine nyingine, hasa za kuoshea vyombo, zina kipimaji ndani ya maji. Kipimaji hicho kinatambua kama sabuni imepungua nguvu, na pampu inaongeza. Mtungi ukikauka, taa inawaka au kengele inalia.

Kwa nini tunazungumzia mashine katika kipindi cha mama na mtoto? Kwa sababu mashine hii inafanya mambo manne. Kwanza, kila kemikali inakaa katika mtungi wake wenye maandishi. Pili, kemikali inapimwa, haikisiwi. Tatu, kemikali zisizopatana hazikutani: dawa ya kung'arisha nguo inaingia kwa wakati wake, maji yanapita, ndipo ile yenye asidi inaingia mwishoni. Nne, kuna kitu kinachoangalia wakati wote.

Nyumbani hatuna mashine. Lakini mambo hayo manne tunayaweza. Tuyatazame moja moja.

LA KWANZA: CHOMBO

Usiweke jik, kostiki wala mafuta ya taa katika chupa ya soda, ya maji au ya maziwa. Kama unaweza, nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani. Kama ni lazima upimiwe, tunza chupa moja ya zamani ya jik, yenye maandishi na kifuniko kinachobana, na uende nayo dukani kila mara. Usibadilishe: chupa ya jik ni ya jik tu.

Chini ya meza au chini ya kitanda si mahali pa dawa. Piga msumari juu ukutani, tia dawa ndani ya mfuko mgumu, na uuangike mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kwenye kiti.

Jambo jingine ni mitungi ya kuchotea maji. Mitungi iliyotoka kiwandani ikiwa na kemikali isitumiwe kwa maji ya kunywa wala ya kupikia, hata ikisuuzwa mara kumi. Ukinunua mtungi uliotumika, uliza ulikuwa na nini. Ukiona alama ya fuvu la kichwa, au alama ya mkono unaounguzwa na matone, uache. Mtungi wenye harufu kali pia uache.

LA PILI: KIPIMO

Wengi wetu tunaamini kwamba dawa ikizidi, usafi unazidi. Sivyo. Ikizidi inachoma ngozi, inakausha kifua na inaharibu nguo. Ikipungua, vijidudu vinabaki hai na wewe unadhani umeviua.

Jik ya kawaida ya dukani huwa na nguvu ya takriban asilimia 3.5. Soma chupa yako uhakikishe. Kama mtu ameharisha au kutapika sakafuni wakati wa kipindupindu, au damu imemwagika, changanya kipimo kimoja cha jik na vipimo sita vya maji. Ukitumia kikombe, ni kikombe kimoja cha jik na vikombe sita vya maji. Mwagia, acha dakika 10, kisha pangusa ukiwa umevaa glavu.

Kwa kupangusa meza au vitu vya mtoto, dawa iwe nyepesi zaidi: ml 15 za jik katika lita moja ya maji. Hizo ni vijiko vitatu vya kupimia dawa ya mtoto, kile cha ml 5. Suuza kwa maji safi baadaye. Kikombe au kijiko ulichopimia jik kisirudi jikoni. Kitie alama kwa rangi ya kucha kiwe cha kazi hiyo tu.

Jik hupoteza nguvu ikikaa juani au ikikaa sana. Ukiichanganya na maji, tumia siku hiyo hiyo. Kesho changanya nyingine.

Na maji ya kunywa? Hapo usikisie kabisa. Tumia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, kama WaterGuard, na ufuate maandishi ya chupa. Huko Kenya magharibi, katika sehemu za Busia, mwishoni mwa miaka ya 2000 watafiti walijaribu njia rahisi. Waliweka tangi dogo la klorini kando ya chemchemi. Mama akifika anaweka mtungi wake chini, anazungusha valvu mara moja, na ml 3 za klorini zinaanguka, kiasi cha kutosha lita 20 za maji. Hakuna umeme wala hesabu. Akina mama wengi waliitumia, kuliko walipotakiwa kununua chupa dukani. Hapo tunajifunza kwamba kipimo kikiwa rahisi na karibu, watu hukifuata. Basi nawe weka kipimo chako karibu na dawa yako.

LA TATU: USICHANGANYE

Usichanganye jik na dawa ya choo yenye asidi. Usichanganye jik na siki, wala na dawa yenye amonia, wala usiimwage juu ya mkojo mwingi. Ukichanganya, hewa ya sumu inatoka. Inachoma macho, pua na mapafu. Choo chetu ni kidogo na hakina dirisha. Bafu ni hivyo hivyo. Mtu mwenye pumu anaweza kuzidiwa haraka, na mtoto mchanga mgongoni anavuta hewa ile ile unayovuta wewe.

Tumia dawa moja, suuza kwa maji mengi, ndipo utumie nyingine siku ingine. Ukisikia harufu inakaba koo, toka nje mara moja pamoja na watoto, acha mlango wazi, na usirudi kuchukua ndoo.

LA NNE: JICHO LA MLEZI

Mashine ina kengele. Nyumbani kengele ni wewe. Ukiitwa mlangoni, funga kifuniko kwanza. Usiache karai lenye maji ya jik sakafuni mtoto akicheza karibu. Ukimwachia mtoto jirani au dada yake mkubwa, mwonyeshe dawa iko wapi.

KWA MAMA ANAYEFANYA KAZI NA MASHINE HIZI

Usione haya kuuliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri akueleze hatari ya kemikali unayoishika na akupe vifaa vya kukukinga. Uliza ni kemikali gani, mpira upi unaingia mtungi upi, na maji ya kuoshea macho yako wapi. Kamwe usibadilishe mtungi bila kusoma maandishi, kwa maana mpira ukiingia katika mtungi usio wake, kemikali mbili zitakutana. Mpira ukivuja, usiufunge kwa kitambaa, mwite fundi. Na usibebe kemikali ya kazini kwenda nayo nyumbani katika chupa ya soda. Ile ni kali kuliko ya dukani.

MTOTO AKINYWA AU AKIMWAGIKIWA

Usimtapishe. Kilichochoma kikishuka kitachoma tena kikipanda. Usimpe maziwa, mafuta, wala maji ya chumvi. Msukutue mdomo kwa maji safi, kisha mpeleke hospitali upesi, hata kama anaonekana mzima. Walio Kibera wako karibu na hospitali ya Mbagathi na Kenyatta. Walio Kawangware wana kituo cha afya cha Riruta. Beba ile chupa, ili daktari ajue alichokunywa.

Ikimwagika kwenye ngozi au jicho, vua nguo iliyolowa, mimina maji safi kwa jagi bila kukoma kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Kwa jicho, mimina kutoka upande wa pua kwenda nje, ili dawa isiingie jicho la pili. Waite majirani walete mitungi ya maji. Dakika hizo ndizo zinazookoa jicho.

YA KUKUMBUKA

Dawa ikae katika chupa yake. Ipimwe. Isichanganywe na nyingine. Iangikwe juu, na jicho lako liwe juu yake.

Ukifika nyumbani leo, kabla hujawasha jiko, angalia chini ya meza na chini ya kitanda. Ukikuta dawa katika chupa ya soda, ihamishe leo. Usingoje kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA NA MAJIRANI

1. Katika ploti yenu, dawa za kusafishia zinawekwa wapi?
2. Mwenye duka anaweza kusaidiaje ili watu wasipimiwe jik katika chupa za soda?
3. Mtoto akinywa dawa usiku, nani ana simu, nani ana gari, na mtapita njia gani?

Mweleze na jirani yako uliyoyasikia.