Vimeng'enya Vinapomwagika kwenye Damu ya Mjamzito

Msomaji mmoja, mjamzito wa miezi minane, ametuuliza swali. Majibu ya damu yake yanaonyesha kimeng'enya kiitwacho ALP kimepanda karibu maradufu, ilhali ALT na AST ziko sawa. Je, ini lake limeharibika?

Kwa majibu hayo, hapana, na sababu yake inapendeza kuliko jibu lenyewe.

Vimeng'enya hivi makazi yake ni ndani ya seli. Ichukulie seli kama ghala la nafaka. Ukiona punje chache barabarani hushtuki, maana kila ghala hudondosha kidogo. Ukikuta nafaka imetapakaa, unajua kuna gunia limepasuka, na aina ya nafaka inakuonyesha mlango wa kubisha. ALT huhifadhiwa zaidi kwenye ini. AST imo kwenye ini, lakini pia kwenye moyo, misuli na chembe nyekundu za damu. Kimeng'enya kingine, LDH, kimo karibu kila ghala, hivyo kikimwagika peke yake hakikutajii mtaa. ALP kwa kawaida hutoka kwenye ini na mifupa, lakini mjamzito ana ghala jipya mjini: kondo la nyuma. Hilo hutengeneza ALP yake lenyewe na kuiachia kwenye damu ya mama, hasa miezi mitatu ya mwisho, bila gunia lolote kupasuka. Maabara inaweza hata kuitambua: ikipashwa moto wa nyuzi 65 za Selsiasi, ALP ya ini na ya mifupa huharibika, ya kondo hustahimili.

Hali ni nyingine kabisa pale AST na ALT zinapopanda. Mwaka 1982 daktari wa Marekani, Louis Weinstein, aliupa jina la HELLP ugonjwa ambao mara nyingi huandamana na kifafa cha mimba. Kondo lisilopata damu ya kutosha huachia protini iitwayo sFlt-1, nayo hunasa kichocheo kinachotunza utando wa ndani wa mishipa ya damu. Utando ukidhoofu, chembe sahani hujibandika hapo, na nyuzi za fibrini hutanda ndani ya mishipa midogo. Chembe nyekundu zikijipenyeza katikati ya nyuzi hizo hukatwa vipande. Chini ya hadubini vinaonekana vimechongoka pembe. LDH ya chembe hizo humwagika. Chembe sahani hupungua kwa kutumika. Ini linakosa damu, seli zake zinakufa, AST na ALT zinatoka. Namba tatu katika karatasi ya maabara, chanzo kimoja! Vigezo vinavyotumika sana ni LDH ya 600 au zaidi, AST ya 70 au zaidi, na chembe sahani zisizozidi 100,000 kwa mikrolita.

Tiba ni kuzalisha, pamoja na magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Ugonjwa unaweza kuanza hata baada ya kujifungua.

Maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia katika nusu ya pili ya mimba yasiitwe kiungulia kabla damu haijapimwa, hata kama presha haijapanda sana. Mama, ukiyapata, nenda hospitali siku hiyo hiyo na uombe kipimo cha ini na cha chembe sahani.