Ukarabati wa Nishati Ziwani: Jiko Kwanza, Paa Baadaye

Ukarabati wa nishati, yaani kazi ya kurekebisha nyumba iliyokwisha kujengwa ili wakazi wapike, waone na wapate joto kwa gharama ndogo zaidi, umekuzwa hasa katika nchi za baridi, ambako fundi huanza kwa kuziba nyufa za milango na madirisha. Katika Ziwani, mtaa wa kupanga uliojengwa na utawala wa jiji la Nairobi enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, utaratibu huo ungekuwa wa hatari, kwa sababu makaa yakiwashwa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hata baridi ya Juni hadi Agosti, katika jiji lililo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, haihalalishi kuziba hewa kabla ya kubadilisha jiko.

Jiko lenyewe hubadilika kwa kufuata bei. Jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 lilipunguza makaa yanayoteketea, lakini halikuondoa moshi; gesi ya mtungi ndiyo inayouondoa, nayo ilisamehewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2016, ikatozwa asilimia 16 mwaka 2021, kisha ikapunguziwa tena. Hakuna mpango wa mtaa unaoweza kusimama juu ya sera inayoyumba kiasi hicho.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye umiliki. Kuta na paa ni mali ya kaunti, iliyorithi nyumba za halmashauri ya jiji mwaka 2013, ilhali bili ya umeme na mtungi wa gesi ni mzigo wa mpangaji, hivyo mwenye uwezo wa kuweka dari hapati nafuu yoyote, na anayeipata nafuu hana ruhusa ya kugusa paa. Zaidi ya hayo, katika mitaa ya Eastlands, eneo la mashariki mwa Nairobi ambamo Ziwani imo, wapangaji wengi wameongeza vyumba vya mabati uani na kuvipangisha, na pale ambapo vyumba hivyo hutumia mita moja na nyumba kuu, matumizi ya familia kadhaa huhesabiwa kama ya familia moja. Tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ya umeme wa nyumbani imetengewa wasiozidi uniti 30 kwa mwezi. Kwa hiyo familia tatu maskini zinazotumia mita moja, zikizidi uniti hizo kwa pamoja, hutozwa kama familia moja yenye nafasi. Mita ndogo kwa kila chumba huonyesha nani ametumia nini, ila haimrudishii yeyote bei hiyo ya chini, kwa kuwa akaunti hubaki moja.

Juu ya yote hayo, mitaa ya zamani inabomolewa kupisha magorofa, kama yale ya nyumba 1,370 yaliyosimama Park Road, Ngara, jirani na Ziwani. Mpangaji asiyejua nyumba itadumu miaka mingapi hana sababu ya kuwekeza katika kisichobebeka, na ni busara mpango uanze na jiko, taa na mtungi, vitu ambavyo huhama na mwenyewe. Nyaya chakavu pekee hazistahili kungoja uamuzi wa ubomoaji, kwa kuwa moto hauna ratiba ya kaunti, na gharama ya kuzibadilisha ni ya mwenye nyumba.